Kwa Nini Dakika Chache Tu?

  Popote ulipo, jikoni, dukani, ndani ya daladala au umejinyoosha mkekani baada ya kazi, nakuomba unipe sikio kwa muda huu mfupi. Leo sina habari za siasa wala za mpira. Nina swali moja tu, na nitalizunguka mpaka tulipatie jibu.

Swali lenyewe ni hili. Mtu mzima mwenye afya anaweza kukaa bila chakula kwa wiki kadhaa na bado akawa hai. Atadhoofu, macho yatamzama, lakini yu hai. Akikosa maji, atahimili siku chache. Je, akikosa hewa? Hapo hatuhesabu siku wala saa, tunahesabu dakika. Ubongo ukikosa oksijeni kwa dakika kama tano, huanza kuharibika, na uharibifu huo haurekebishiki. Kwa nini dakika chache tu?

Najua utaniambia, "Kwa sababu hewa ndiyo uhai." Sawa, lakini hilo si jibu. Ni swali lilelile limevalishwa kanzu. Hebu mfikirie mtu anayezama majini. Damu yake ina sukari, ini lake lina akiba, na chini ya ngozi ana mafuta ya kumtosha wiki nyingi. Chakula anacho tele. Mbona hakimsaidii?

Shikilia hapo, msikilizaji. Chakula kipo tele, lakini mtu anakufa. Hilo ndilo fumbo letu la leo.

Tuanze na jambo ambalo wengi tulilisikia shuleni kisha likatutoka. Ukila ugali na maharage, msuli wako haupokei ugali wala maharage. Kila kitu mwilini kinachofanya kazi, moyo unaopiga, jicho linalopepesa, figo inayochuja, kinatumia molekuli moja ndogo iitwayo ATP. Molekuli hiyo ina fosfeti tatu zilizoshikamana mfululizo. Fosfeti ya mwisho ikikatwa, nguvu inapatikana na kazi inafanyika. Kinachobaki ni ADP, chenye fosfeti mbili. Ili kitumike tena, lazima kirudishiwe ile ya tatu.

Sasa sikiliza ajabu yake. Mwilini mwako muda huu hakuna ATP nyingi. Yote ikikusanywa haifiki robo kilo. Lakini ATP inayotengenezwa na kutumika ndani ya siku moja, uzito wake unakaribia uzito wako wewe mwenyewe. Yaani kila chembe yake inakatwa na kuungwa tena mamia ya mara kila siku. Mwili hauiweki ATP akiba. Unaitengeneza na kuitumia papo hapo.

Narudia, maana tutalihitaji baadaye: mwili hauna ghala la ATP. Mafuta yana ghala, sukari ina ghala, ATP haina.

Basi nani anaifanya kazi hiyo ya kuunga fosfeti mchana na usiku? Karibu yote hufanyika ndani ya vijichumba vidogo vilivyomo katika seli zako, vinavyoitwa mitokondria. Seli moja ya ini ina mamia mengi ya mitokondria, pengine hata kupita elfu moja. Katika seli za msuli wa moyo zinajaza karibu theluthi ya nafasi yote. Seli nyekundu za damu hazina hata moja, na ni vizuri iwe hivyo, kwa kuwa mchukuzi wa oksijeni hapaswi kuila njiani.

Kila mitokondria ina tando mbili, wa nje na wa ndani. Wa nje tuuache, una matundu mengi. Wa ndani ndio wenye habari. Umekunjwakunjwa ili eneo kubwa lienee ndani ya nafasi ndogo, na haupitishi vitu ovyo. Kumbuka hilo pia: utando wa ndani haupitishi vitu ovyo.

Hadi miaka ya 1950 wanasayansi walikuwa wamekwisha kujua mengi. Walijua kwamba chakula hukatwakatwa mpaka elektroni zake zinatolewa. Walijua kwamba elektroni hizo husafiri kwenye utando wa ndani kupitia msururu wa vimeng'enya, mkono kwa mkono, mpaka zifike kwa oksijeni. Walijua pia kwamba ATP hutengenezwa palepale. Ila hawakujua mambo hayo mawili yameunganishwaje. Safari ya elektroni inaishaje kuwa ATP?

Wakubwa wa fani walikuwa na jibu lililoonekana la busara. Walisema lazima ipo kemikali fulani ya kati, inayobeba nguvu kutoka kwenye elektroni na kuikabidhi kwa ADP. Mwaka 1953 Bill Slater aliliweka wazo hilo vizuri kwenye karatasi, na msako ukaanza. Maabara za Ulaya na Marekani zilitafuta. Miaka ikapita. Kila baada ya muda fulani mtu alitangaza kwamba ameipata, kisha ikaonekana siyo. Kemikali ile ilikuwa inajulikana kwa kila sifa, isipokuwa ile ya kuwapo.

Mwaka 1961, Mwingereza aitwaye Peter Mitchell, aliyekuwa akifundisha Edinburgh, alichapisha makala fupi katika jarida la Nature. Kwa maneno yangu mimi, alisema hivi: mnatafuta kitu ambacho hakipo. Nguvu haibebwi na kemikali yoyote ya kati. Nguvu imo katika tofauti kati ya pande mbili za utando.

Umelisikia hilo? Tofauti kati ya pande mbili. Hebu tutulie hapo kidogo, kwa sababu hapa ndipo wataalamu wengi wa wakati ule walipomwona mwenzao kama mtu aliyepotea njia.

Chukua mfano wa bwawa la umeme. Tuseme Kidatu, kwenye mto Ruaha Mkuu. Umeme wa Kidatu unatoka wapi? Utasema unatoka kwenye maji. Kweli, lakini je, ni maji tu? Bahari ya Hindi ina maji mengi kuliko mabwawa yetu yote kwa mara zisizohesabika. Zamisha mtambo wa Kidatu katikati ya bahari iliyotulia uone kama utawasha hata taa moja. Hautawasha. Kinachozungusha mtambo ni kwamba upande huu wa ukuta maji yako juu, na upande ule yako chini. Pande mbili zikilingana, mtambo unasimama, hata maji yakiwa mengi namna gani. Wanaokumbuka mgao wa umeme wa mwaka 2006, kina cha mabwawa kiliposhuka, wananielewa.

Mitchell alisema mitokondria ni hivyohivyo. Badala ya maji weka protoni. Protoni ni nini? Ni atomu ya haidrojeni iliyonyang'anywa elektroni yake, basi. Ndiyo kitu kidogo kinachofanya ndimu iwe chachu na siki iume ulimi. Elektroni za chakula zinaposhuka kwenye ule msururu wa vimeng'enya, vimeng'enya vitatu miongoni mwao huitumia nguvu hiyo kusukuma protoni kutoka ndani ya utando kwenda nje. Elektroni zinashuka, protoni zinasukumwa nje. Punde si punde nje kunajaa protoni, ndani kunapungua. Na kwa sababu protoni ina chaji chanya ya umeme, nje kunakuwa chanya na ndani kunakuwa hasi.

Sasa protoni hizo zinataka kurudi ndani. Zinasukumwa na wingi wao, tena zinavutwa na umeme. Lakini utando, kama tulivyosema, haupitishi vitu ovyo. Njia iliyo wazi ni moja kubwa: kupita katikati ya mashine iliyopachikwa kwenye utando huo. Protoni zikipita humo, mashine inatengeneza ATP.

Hapa bwawa letu linatofautiana na mitokondria kwa jambo moja. Kidatu, maji hupandishwa milimani na jua na mvua, bure. Kwenye mitokondria hakuna mvua. Kila protoni lazima isukumwe, na gharama yake hulipwa kwa chakula ulichokula.

Usidharau ukubwa wa nguvu yenyewe. Umeme kati ya pande mbili za utando ule ni kama volti 0.15 tu, pungufu ya betri ya rimoti. Lakini utando una unene kama wa milimita moja iliyokatwa vipande milioni, ukachukua vipande sita. Volti hizo ndogo zikibanwa ndani ya unene huo, ukali wake unafikia takriban volti milioni 25 kwa kila mita. Nimelipiga hesabu mwenyewe hilo na bado nikilisema hadharani nasitasita kidogo. Ni ukali wa kulinganishwa na ule wa radi, nao umo ndani ya kidole chako sasa hivi, kimya.

Mitchell alipokewaje? Vibaya. Wengi hawakumwelewa, na baadhi waliomwelewa hawakukubali. Afya yake nayo ilikuwa mbovu, akisumbuliwa na vidonda vya tumbo, na mwaka 1963 aliacha kazi Edinburgh. Alihamia kusini-magharibi kabisa mwa Uingereza, Cornwall, karibu na mji wa Bodmin. Huko alinunua jumba la zamani lililochakaa liitwalo Glynn, akalikarabati, na sehemu yake akaifanya maabara. Fedha zilitoka kwenye mali ya familia yake, iliyokuwa na hisa katika kampuni kubwa ya ujenzi. Si kila mwanasayansi mwenye wazo linalopingwa ana familia yenye hisa katika kampuni ya ujenzi, na nadhani tukumbuke hilo tunaposimulia hadithi za mashujaa wa aina hii.

Na tumkumbuke mtu mwingine: Jennifer Moyle. Huyu alikuwa mshirika wake tangu Cambridge, akaenda naye Edinburgh, kisha Glynn. Mikono ya Moyle ndiyo iliyofanya sehemu kubwa ya majaribio. Moja lilikuwa hivi. Chukua mitokondria, ziweke kwenye maji yasiyo na oksijeni, kisha ingiza oksijeni kidogo tu ghafla, ukipima uchachu wa maji. Wazo la Mitchell likiwa kweli, nini kitatokea? Elektroni zitashuka, protoni zitasukumwa nje, na maji ya nje yatakuwa machachu zaidi. Wakapima. Maji yakawa machachu, kwa kiasi ambacho ungeweza kukihesabu. Tuzo ya Nobel ilipokuja, alipewa Mitchell peke yake. Kwa maoni yangu Moyle alistahili kutajwa kwa sauti kubwa zaidi kuliko alivyotajwa.

Msikilizaji, bado uko nami? Tuvute pumzi, kisha twende kwenye majaribio mawili ninayoyapenda kuliko yote.

La kwanza ni la Mmarekani André Jagendorf na mwenzake Ernest Uribe, mwaka 1966. Wao hawakutumia mitokondria, walitumia mchicha. Ile aina ya Ulaya, lakini ni mboga ya majani tu. Ndani ya jani kuna vijichumba vya kijani vinavyonasa mwanga wa jua, navyo pia hutengeneza ATP kwenye utando. Jagendorf alizitoa tando hizo, akaziloweka kwenye maji machachu hadi ndani yake kukajaa protoni. Kisha, gizani, akazihamishia ghafla kwenye maji yasiyo machachu yenye ADP na fosfeti. Gizani, msikilizaji! Hakuna jua, hakuna elektroni zinazoshuka. Kilichokuwapo ni tofauti tupu ya protoni kati ya ndani na nje. ATP ikatengenezwa.

La pili ni la Efraim Racker na Walther Stoeckenius, mwaka 1974. Hawa walikuwa na ujasiri wa fundi anayeunganisha injini ya gari hili na gia ya gari lile. Walichukua protini ya zambarau kutoka kwa vijidudu vinavyoishi kwenye chumvi kali. Protini hiyo ikipigwa na mwanga husukuma protoni. Jamaa za vijidudu hao tunao hapa kwetu Afrika Mashariki, wakiwa miongoni mwa wanaoyatia wekundu maji ya Ziwa Magadi kule Kenya. Kisha wakachukua ile mashine ya ATP kutoka kwenye mitokondria za moyo wa ng'ombe. Vyote viwili wakavipachika kwenye vijifuko vya mafuta yaliyotolewa kwenye soya. Wakawasha taa.

Kijidudu cha chumvini, moyo wa ng'ombe, na soya. Havijawahi kukutana tangu dunia iumbwe. Kama kungekuwa na kemikali maalumu ya kati inayopokezana mkono kwa mkono, vitu hivyo vitatu vingeelewana vipi? Lakini taa ilipowaka, ATP ilitengenezwa. Kilichoviunganisha ni protoni zilizojaa upande mmoja wa utando.

Baada ya hapo upinzani ulilegea. Mwaka 1977 wakubwa sita wa fani, Mitchell akiwamo pamoja na Slater, Racker na Paul Boyer, walichapisha makala ya pamoja, kila mmoja akiandika sehemu yake. Mwaka uliofuata, 1978, Mitchell akapewa Nobel ya kemia.

Na ile mashine yenyewe je? Inaunganishaje fosfeti? Hapa aliyekuja kung'ara ni Boyer, mmoja wa waliokuwa wakimpinga Mitchell. Alidai kwamba mashine hiyo inazunguka. Inazunguka kwelikweli, kwa mhimili uliomo ndani yake.  Kisha John Walker wa Cambridge, mwaka 1994, akaonyesha pamoja na wenzake umbo lake lilivyo, na umbo hilo lilikuwa la kitu kinachozunguka. Mwaka 1997 watafiti wa Japani walinatisha uzi mwembamba unaong'aa kwenye mhimili huo, wakaweka darubini, wakauona uzi ukizunguka mbele ya macho yao. Mwaka huohuo Boyer na Walker wakapata Nobel. Kila mzunguko mmoja hutoa ATP tatu, na kwa sekunde moja mashine inaweza kuzunguka zaidi ya mara mia moja.

Basi turudi kwa mtu wetu anayezama. Bado tunamdai jibu.

Oksijeni inafanya nini katika habari hii yote? Umeona tulivyopita kote huku na tumeitaja mara chache. Oksijeni iko mwisho kabisa wa msururu. Kazi yake ni moja: kuzipokea elektroni zilizokwisha kushuka. Elektroni zikifika chini, oksijeni inazichukua, inaungana na protoni, yanakuwa maji. Ndiyo, maji ya kawaida. Kwa siku mwili wako hutengeneza kwa njia hii kama glasi moja na zaidi kidogo.

Sasa iondoe oksijeni. Elektroni ya mwisho haina pa kwenda, inabaki imekaa pale. Ya nyuma yake haiwezi kusonga. Ya nyuma zaidi nayo imekwama. Msururu mzima umesimama. Msururu ukisimama, protoni hazisukumwi. Zilizobaki nje zinarudi ndani, pande mbili zinalingana, na mashine ya ATP inakosa cha kuizungusha. Tena kuna ubaya zaidi: tofauti hiyo ikishuka sana, mashine inaweza kugeuka na kuzunguka kinyume, ikila ATP ileile iliyobaki.

Na ATP, tulisema, haina ghala.

Msuli unaweza kujitetea kwa muda. Unavunja sukari bila oksijeni na kupata ATP mbili kwa kila molekuli ya glukosi, badala ya 30 hivi ambazo ungezipata oksijeni ikiwepo. Ndivyo anavyofanya mkimbiaji wa mita mia. Ubongo hauwezi kuishi kwa mbili. Seli zake hutumia sehemu kubwa ya ATP kutoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani, kupitia pampu aliyoigundua Mdenmarki Jens Skou, ambaye naye alipewa nusu ya ile Nobel ya 1997. Pampu hiyo ikisimama, sodiamu inafurika ndani ya seli, maji yanaifuata, seli inavimba. Huko ndiko zinakoishia zile dakika chache. Mafuta chini ya ngozi yapo, sukari ipo, lakini njia ya kuzigeuza kuwa kazi imefungwa mwishoni.

Kwa hiyo, msikilizaji wangu, tunavuta pumzi ili mlango wa mwisho wa ule msururu ubaki wazi.

Ukishalielewa hilo, kuna mambo matatu ya mitaani kwetu ambayo utayatazama kwa jicho jingine.

La kwanza ni hizi dawa za kupunguza mwili zinazouzwa mitandaoni. Kuna unga wa njano uitwao dinitrofenoli, kwa kifupi DNP. Ulitumika kutengenezea baruti wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na wafanyakazi wa viwanda vya Ufaransa walikonda, wakatokwa jasho, wengine wakafa. Mwaka 1933 madaktari wa Chuo Kikuu cha Stanford waliandika kwamba unakondesha, na watu wakaununua kwa pupa. Na unakondesha kweli. Unafanyaje? Unabeba protoni na kuzivusha kwenye utando kando ya ile mashine. Ni sawa na kutoboa ukuta wa bwawa. Maji yanapita, umeme hakuna, na mwili unazidi kuchoma chakula ukijaribu kulijaza bwawa linalovuja. Nguvu yote inatoka kama joto. Mwili unachemka kutoka ndani, na dawa ya homa hailishushi joto hilo. Wengine walipata mtoto wa jicho. Mwaka 1938 Marekani iliondoa dawa hiyo sokoni. Leo inauzwa kisirisiri kwa wanaotaka wembamba wa haraka, na bado inaua.

Kwa haki nitaje kwamba mwili wenyewe unajua kuvujisha hivyo kwa kipimo. Mtoto mchanga ana mafuta ya rangi ya kahawia mgongoni na shingoni, na mitokondria za humo zina protini inayovusha protoni makusudi ili apate joto. Hatetemeki kwa baridi kama wewe na mimi. Lakini kipimo hicho kinashikwa na mwili, hakishikwi na muuzaji wa mtandaoni.

La pili ni muhogo mchungu. Mizizi yake hutoa sayanidi, na sayanidi hukaa hasa pale kwenye kimeng'enya cha mwisho, pale oksijeni inapopokea elektroni. Damu inaweza kuwa imejaa oksijeni huku seli zinakabwa. Bibi zetu hawakusikia habari za kimeng'enya, lakini walijua kuuloweka muhogo siku kadhaa, kuuvundika, kuutwanga na kuuanika mpaka ukauke vizuri. Njaa inapofika, watu hufupisha siku hizo. Ndipo unapotokea ugonjwa wa konzo, unaokakamaza miguu ghafla na kuiacha hivyo maisha yote, hasa kwa watoto na wanawake wanaokula muhogo huo bila maharage, samaki au nyama. Congo unajulikana tangu miaka ya 1930. Hapa Tanzania ulionekana Tarime katikati ya miaka ya 1980 na Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ukiona mwaka wa njaa unamsukuma mtu kula muhogo mchungu ulioloweshwa usiku mmoja, mwambie asubiri.

La tatu ni jiko la mkaa. Msimu wa baridi unapoingia, kule Mbeya, Njombe, Limuru, Bukavu, watu huingiza jiko chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Mkaa unaoungua palipo na hewa haba hutoa monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi, haikohozeshi. Inashika nafasi ya oksijeni kwenye damu, na ndani ya seli inaweza kushika hata ule mlango wa mwisho. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na usingizi mzito. Wengi hudhani ni malaria au uchovu.

Usilale na jiko la mkaa ndani, hata kama makaa yanaonekana yamefifia. Mkiamka watu wawili au watatu wa chumba kimoja na kichwa kinauma wote kwa pamoja, tokeni nje mara moja, kisha nendeni hospitali. Mkifika, mwambieni daktari kwamba mlilala na jiko. Msisahau kumwambia, kwa sababu kile kifaa cha kubana kidole kinachopima oksijeni hakiwezi kuitofautisha damu yenye oksijeni na damu yenye monoksidi ya kaboni. Kitaonyesha namba nzuri wakati mgonjwa anakabwa.